Akibanwa mtu kwa ajili ya dini yake, nini kinamfanya asimame?

#1 Mtu wa Dunda
Wakuu salaam. Juzi baada ya isha barazani kwetu hapa Bagamoyo mjadala uliwaka mpaka watu wakaondoka bila kuagana. Kijana mmoja anayetembeza wageni kule misheni alikuwa anaeleza kwamba Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868 walikuwa wananunua watumwa katika soko la Unguja, hasa watoto, wanawaleta kwenye kijiji cha uhuru, wanawasomesha, wanawabatiza, wakikua wanawaozesha. Mzee mmoja akadakia: "Mtoto kanunuliwa, analishwa na kuvishwa na huyo huyo aliyemnunua, dini yake ataikataa kwa mdomo upi?" Kijana akamrudishia: "Na yule aliyekuwa mtumwa wa bwana Mwislamu akasilimu, yeye angeikataa kwa mdomo upi?" Hapo ndipo palipochafuka.

Sitaki turudie nani alimlazimisha nani, huko tukiingia hatutoki. Nauliza hivi. Watu wawili wanabanwa sawasawa, kwa njaa, kwa kiboko, kwa kufukuzwa nyumbani, kwa kunyimwa kazi. Mmoja anaiacha dini yake, mwingine haiachi. Wametofautiana wapi?

Msimamo wangu mimi: ni elimu. Aliyeijua dini yake vizuri kabla hajabanwa ndiye anayesimama. Asiyeijua anafuata upepo. Karibuni.

#2 Bint Makorora
Nakukatalia mapema. Bilal bin Rabah alikuwa amesoma nini siku ile Umayya bin Khalaf alipomlaza kwenye mchanga wa moto na jiwe kifuani? Sehemu kubwa ya Kurani ilikuwa haijashuka bado. Hakuna fiqhi, hakuna vitabu, hakuna chuo. Alikuwa na neno moja tu, Ahad, Ahad. Na matajiri wa Makka waliokuwa na akili na ufasaha wa kila aina walibaki na masanamu yao. Elimu inasaidia, lakini siyo inayomshika mtu pale jiwe lilipo.

#3 Chumbageni Juu
Bint Makorora umesema kweli ila umeishia katikati. Bilal alitokaje chini ya lile jiwe? Abubakar alimnunua akamwacha huru. Mtu anasimama kwa sababu ana watu. Tazama Banu Hashim walipotengwa kwenye bonde la Abu Talib, miaka mitatu hivi, hawauziwi, hawaozwi, watoto wanalia njaa. Wangekuwa mmoja mmoja wangekwisha. Walikuwa jamaa, tena humo ndani kulikuwa na ambao hata Uislamu walikuwa hawajaingia, akiwemo Abu Talib mwenyewe, lakini hawakumtoa mtu wao.

Hoja yangu: jamaa. Ukinitenga na jamaa zangu siku moja tu sijui nitakuwa nani.

#4 Mwalimu Mstaafu
Habari zenu. Mimi ni Mkristo, naomba nichangie kutoka upande wetu. Chumbageni, kuna Perpetua wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203. Binti wa miaka 22 hivi, ananyonyesha mtoto mchanga. Baba yake alimfuata gerezani, akamwangukia miguuni, akambusu mikono, akamwomba amhurumie yeye mzee na amhurumie mtoto. Huyo ndiye jamaa yake wa damu! Jamaa ndiye aliyekuwa anamvuta arudi. Hakurudi. Aliuawa uwanjani pamoja na Felisita, mtumwa aliyejifungulia gerezani.

Kwa hiyo kama ni jamaa, useme jamaa yupi.

#5 Mzee wa Mwambani
Mwalimu heshima yako. Nyumbani kwetu Uganda (mama yangu Mganda) tunasoma habari za akina Karoli Lwanga waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki wale walikuwa vijana wa ikulu, Kizito alikuwa na miaka 14 hivi. Mtoto wa miaka 14 ana elimu gani? Ana jamaa gani ikulu? Mimi nasema ni ujana. Kijana hana cha kupoteza, hana shamba, hana mke. Sisi wenye nyumba na wajukuu ndio tunaotetemeka.

#6 Nyuki wa Muheza
Mzee hapo rekebisha kidogo. Waliouawa na Mwanga hawakuwa Wakatoliki peke yao. Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 ni 22, na Waanglikana wanaohesabiwa pamoja nao ni 23. Pale Namugongo walichomwa pamoja. Sisi huku Muheza tuliolelewa na misheni ya Magila tumefundishwa hilo tangu tukiwa wadogo, halafu mnatusahau kila mwaka.

#7 Kaole Kwetu
Na wote mmesahau wa kwanza. Kabla ya hao, pale pale Namugongo, waliuawa Waislamu. Miaka kumi hivi nyuma, vijana wa ikulu waliosilimu walikataa kula nyama ya ikulu na wakakataa kuswalishwa na Kabaka kwa kuwa hakuwa ametahiriwa. Mwanga akaamuru wachomwe. Inatajwa idadi ya 70 hivi.

#8 Nyuki wa Muheza
Siyo Mwanga, ni baba yake, Mutesa wa Kwanza. Mwanga alikuja kutawala mwaka 1884.

#9 Kaole Kwetu
Sawa, Mutesa. Hoja inabaki pale pale: ikulu moja, dini mbili, na vijana wakafa vilevile. Na Mwanga huyo mnayemtaja alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa, anaitwa Danieli.

#10 Chumbageni Juu
Kaole bwana ukiguswa historia hulali 😄 Lakini asante, la Mutesa nilikuwa silijui.

Mzee wa Mwambani umesema Kizito hakuwa na jamaa ikulu. Alikuwa nao! Wale vijana walikuwa wanalala pamoja, wanafundishana usiku, Lwanga ndiye mkubwa wao. Inasimuliwa kwamba aliwabatiza wenzake, Kizito akiwemo, usiku mambo yalipoharibika. Hilo ni jamaa kamili. Umenisaidia.

#11 Msabato wa Korogwe
Jamani mmeenda mbali sana, Makka na Namugongo. Kubanwa siku hizi hakuji na kuni. Kunakuja na ratiba.

Nilifanya kazi kwenye shamba moja la mkonge, kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Mashine ile haikusubiri, majani yakishaingia lazima yatoke singa, na Jumamosi ilikuwa zamu kama siku nyingine. Nyapara akanambia nichague, Sabato au mshahara. Nilikuwa na mtoto anaumwa. Sikulala.

Aliyenitoa ni mwenzangu Mwislamu wa Ngamiani. Naye Ijumaa alikuwa anabanwa, mapumziko yalikuwa mafupi, akienda msikitini anarudi amekatwa. Tukapatana kimya kimya: Jumamosi anashika zamu yangu, Ijumaa saa sita mpaka saa nane mimi nasimama mahali pake, maji ya mkonge yananiunguza mikono yeye akiwa anasikiliza hotuba. Jumapili narudisha saa zilizobaki. Nyapara alijua, akanyamaza kwa sababu kazi haikulala.

Sasa niambieni hiyo ni elimu, ni jamaa au ni ujana? Maana hatukuwa dini moja.

#12 Bint Makorora
Msabato, nimesoma mara mbili. Mungu amlipe huyo mwenzako na wewe pia.

#13 Mtu wa Dunda
Hii ya Msabato inanipa shida na hoja yangu ya elimu, nakiri ni nzito. Ila naona ulisimama kwa sababu ulijua wazi kwamba Jumamosi haivunjiki kwenu. Asiyejua mpaka wa dini yake angesema Mungu ataelewa, basi.

#14 Mama Wawili Pangani
Naomba nitoe la kwangu, nimelibeba siku nyingi. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi za ndani kwa familia moja, mji siutaji. Mama mwenye nyumba hakutaka kuniona nimesimama kwenye swala, anasema napoteza muda na naleta mikosi. Nikawa naswali nyuma ya tangi la maji, kwenye kamba za nguo, nimetandika kanga mbichi niliyotoka kuifua, akitokea najifanya naianua. Swala nyingine nilizilipa usiku wote wakiwa wamelala. Ramadhani aliniwekea chakula mchana akakaa mbele yangu anione nakula. Siku hizo nilikula. Nikalipa baadaye.

Miaka imepita na bado kuna watu nikiwasimulia wanauliza kwa nini sikuacha kazi. Wadogo zangu walikuwa wanasoma kwa mshahara ule. Nauliza wenye elimu: mimi nilisimama au nilianguka?

#15 Kaole Kwetu
Mama, hukuanguka. Ammar bin Yasir, Allah amridhie, wazazi wake wote wawili waliuawa kwa mateso, Sumayya mama yake ndiye shahidi wa kwanza katika Uislamu. Yeye mwenyewe akateswa mpaka akatamka waliyotaka atamke. Akaenda kwa Mtume analia. Mapokezi yanasema akaulizwa, moyo wako umeuonaje? Akasema umetulia kwenye imani. Akaambiwa, wakirudia nawe rudia. Na Aya ya 106 ya Surat An-Nahl imemtoa wazi aliyelazimishwa na moyo wake umetua kwenye imani.

#16 Mzee wa Mwambani
Na Sumayya je? Mama na mwana, mateso yale yale. Mama kakataa kutamka, kauawa. Mwana katamka, kaishi. Mkisema wote sawa basi mama alikufa bure?

#17 Kaole Kwetu
Hakufa bure, Mzee. Wanazuoni wanasema kutamka kwa kulazimishwa ni ruhusa, na kusubiri mpaka kuuawa ni daraja ya juu. Ruhusa haimfanyi mwenye daraja kuwa mjinga, wala daraja haimfanyi mwenye ruhusa kuwa mwasi. Vyote viwili vimo ndani ya dini.

#18 Mwalimu Mstaafu
Kwetu jambo hili lilipasua kanisa. Mwaka 250 Kaizari Decius wa Roma aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu, ukitoa unapewa hati. Wakristo wengi walitoa. Wengine hawakutoa ila walinunua hati kwa rushwa, wakaziweka ndani kama kinga. Mateso yalipopoa wote wakaja mlangoni wanataka kurudi. Waliotoka gerezani na makovu wakagawanyika: wengine wanawaombea warudishwe upesi, na kuna waliosema wasirudi kabisa.

Askofu Sipriani wa Karthago ndiye aliyebaki na mzigo huo. Akasema warudi, lakini kwa toba, na kila mmoja aangaliwe alifanya nini. Na mjue Sipriani mwenyewe mwaka ule 250 alijificha, watu wakamsema sana kwamba kakimbia kondoo wake. Mwaka 258 mateso yaliporudi hakujificha. Akakatwa kichwa.

Kwa hiyo Mzee wa Mwambani, mtu huyo huyo mmoja, mara amejificha mara amesimama. Utamweka kundi lipi?

#19 Mzee wa Mwambani
Huyo kanivunjia hoja ya ujana 😄 kasimama akiwa mtu mzima. Ila Mwalimu, Petro alikana mara tatu kabla ya jogoo kuwika, mbele ya mjakazi tu, wala hapakuwa na upanga. Mimi nadhani woga una zamu zake. Ukikukuta asubuhi unaanguka, ukikukuta jioni unasimama. Tusiwape watu vyeo kwa saa moja ya maisha yao.

#20 Sauti ya Barabara ya 12
Mbona mnaogopa kusema ya hapa hapa kwetu? Mwaka 1968 EAMWS, ile jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ikapigwa marufuku, BAKWATA ikaundwa. Hayo mateso ya dini hamyaoni?

#21 Chumbageni Juu
Kaka ufungue uzi wake, utajaa kurasa. Huu tuuache uendelee.

#22 Sauti ya Barabara ya 12
Nitafungua. Msije mkajificha.

#23 Nyuki wa Muheza
Nani anawakumbuka Mashahidi wa Yehova wa Malawi? Mwaka 1967 walipigwa marufuku, miaka ya sabini wakapigwa na kuchomewa nyumba kwa sababu walikataa kununua kadi ya chama. Kadi tu! Wengi wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Marufuku iliondolewa mwaka 1993. Mimi siafiki mafundisho yao, na wakinigongea hodi Jumamosi asubuhi huwa sifungui, lakini kwa hilo nawavulia kofia.

#24 Mtu wa Dunda
Nyuki, hapo umenirudishia hoja yangu. Wale wanasoma kweli kweli. Kila wiki wana somo, mtoto mdogo anajua aya. Elimu hiyo!

#25 Chumbageni Juu
Na kila wiki wanakutana. Jamaa hiyo!

#26 Bint Makorora
Nyinyi wawili mtavutana mpaka Idi.

Mimi nina kisa cha nyumbani. Kaka yangu mmoja alitoka kwenye Uislamu akaingia Ukristo, miaka ya nyuma. Sikukubaliana naye mpaka leo, na dua yangu kwake haijabadilika. Lakini niliona jinsi alivyobanwa. Begi lake lilitolewa nje. Shangazi zetu walikata salamu. Msibani kwa bibi alikaa kwenye gogo ng'ambo ya barabara, hakuna aliyempelekea hata maji. Nilimpelekea mimi, na nikasemwa.

Na mwaka huo huo jirani yetu, binti wa Kikristo, alisilimu kwa hiari yake kabla hata hajachumbiwa. Kwao wakamfanyia yale yale. Begi nje. Salamu zimekatwa.

Nikawa najiuliza: sisi tunaosoma habari za Bilal tukalia, siku hiyo sisi ndio tulioshika jiwe.

#27 Mama Wawili Pangani
Bint Makorora wewe 😢

#28 Kaole Kwetu
Dada yangu, nakuheshimu lakini hapa tusichanganye. Kukata salamu kwa uchungu wa familia si sawa na mchanga wa Makka. Mzazi ana haki ya kuumia. Na kuritadi kwetu si jambo dogo la kusema kila mtu na lake.

#29 Bint Makorora
Kuumia ana haki, wala sijasema ni jambo dogo. Kumnyima mtu maji msibani siyo kuumia. Kaole, Najashi wa Habasha alikuwa Mkristo, Jaafar akamsomea Surat Maryam akalia, akakataa kuwatoa Waislamu kwa Makureshi waliokuja na zawadi. Alikuwa na haki ya kuzipokea zawadi zile na kuwafukuza. Ndiyo maana sisi tupo.

#30 Mwalimu Mstaafu
Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini. Inajumuisha kubadilisha. Nawaambia wazazi wa pande zote, nimewahi kusuluhisha visa hivi, mtoto aliyefukuzwa hakurudi kwenye dini ya kwao kwa kufukuzwa. Sijaona hata mmoja.

#31 Kaole Kwetu
Katiba naijua, Mwalimu. Nilikuwa nasema la moyoni. Tuendelee.

Turudi Bagamoyo basi. Mtu wa Dunda, ule ubishi wenu wa barazani, mbona hamkumtaja Sheikh Ramiya? Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani mtoto, mtumwa, kutoka upande wa Kongo. Dini hii aliipokea katika nyumba ya bwana wake. Mtu angesema kalazimika, ataitupa akipata nafasi. Alipopata uhuru akasoma zaidi, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriya, Bagamoyo ikawa inafuatwa kwa ajili yake mpaka alipofariki mwaka 1931, na waungwana waliomdharau kwa utumwa wake wakakaa kwenye dhikri yake. Basi dini iliyoingia kwa mlango wa utumwa ikawa yake kuliko ya waliozaliwa nayo. Hii elimu na jamaa zote haziielezi.

#32 Mtu wa Dunda
Alitajwa, ndipo mzee mmoja alipoinuka. Na kwa upande wa misheni vilevile, wapo waliotoroka kijiji cha uhuru, na wapo waliobaki, wakaenda na mapadri bara, wakawa makatekista ambako hapakuwa na wa kuwalisha. Mlango mmoja, matokeo mbalimbali. Kwa kweli hapa elimu yangu inachechemea, maana walifundishwa darasa moja.

#33 Msabato wa Korogwe
Labda ni neema tu. Kwetu tunasema hivyo. Mtu hasimami, anasimamishwa.

#34 Chumbageni Juu
Ukisema hivyo mjadala umekwisha, Msabato, na mimi bado nina bando 😄

#35 Mzee wa Mwambani
Kuna jambo la Hispania nililisoma. Waislamu wa Granada walilazimishwa kubatizwa kuanzia mwaka 1499 hivi. Mwaka 1504 mufti mmoja wa Oran akawaandikia fatwa: swalini hata kwa ishara, zilizokupiteni mchana lipeni usiku, wakikushikeni mnywe pombe kunyweni na mioyo yenu ikatae. Mama Wawili, ndiyo kama ulivyofanya wewe nyuma ya tangi, bila kuisoma fatwa yoyote. Waliishi hivyo zaidi ya miaka mia, mpaka walipofukuzwa kati ya mwaka 1609 na 1614.

#36 Nyuki wa Muheza
Na Japani Wakristo hivyo hivyo. Dini ilipigwa marufuku mwaka 1614, walikuwa wanaamriwa wakanyage picha ya Yesu au Bikira Maria hadharani. Wengi walikanyaga, wakarudi nyumbani wakatubu, wakawafundisha watoto sala kwa siri bila padri hata mmoja. Mwaka 1865 padri Mfaransa akiwa katika kanisa jipya la Nagasaki akafuatwa na wanakijiji, wakamwambia moyo wao na wake ni mmoja. Zaidi ya miaka 200! Sasa wale waliokataa kukanyaga wakauawa tunawaheshimu, lakini dini ilifika 1865 kupitia kwa waliokanyaga.

#37 Mzee wa Mwambani
Hapana Nyuki, hilo silikubali. Waliokanyaga walirudi kutubu kwa sababu waliwaona wenzao waliokataa. Pasipo hata mmoja wa kukataa, kizazi cha tatu wangekuwa wanakanyaga bila kujua wanakanyaga nini.

#38 Mama Wawili Pangani
Mzee, na pasipo wa kukanyaga kizazi cha tatu wangezaliwa na nani?

#39 Bint Makorora
Na hao watoto walifundishwa na nani usiku? Fatwa ya Oran kaandika mufti, lakini kuamka kumwosha mtoto, kumfundisha Fatiha kwa kunong'ona jirani asisikie, kumkanya asiitamke sokoni, hiyo ni kazi ya mama na bibi. Kwenye hoja zenu zote, elimu, jamaa, ujana, woga, neema, sijaona mtu ametaja jikoni.

#40 Mtu wa Dunda
Hiyo tena ni elimu.

#41 Chumbageni Juu
Jamaa!

#42 Kaole Kwetu
Mama Wawili, nimeuliza kwa shehe wetu kuhusu zile Ramadhani ulizolazimishwa. Kasema kwa madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba aliyelazimishwa kula hata swaumu yake haikuharibika. Ulizolipa zimezidi. Nikufikishie kama alivyosema.

#43 Mama Wawili Pangani
Allah akulipe, Kaole. Nilikuwa nimebakiza baadhi nikiwa sina hakika ya hesabu, kila Shaabani nafunga tena. Nitamsomea mume wangu hii leo akirudi kutoka baharini.